Bangili Nyeupe ya Benta

Mtu akikuambia Benta Nyarangi alikuwa mwanamke mpole, jua huyo alimwona kanisani tu, siku ya Sabato, amekaa benchi la nyuma na kitambaa cheupe kichwani. Mimi nilimjua mtoni. Alikuwa mke wa kaka yangu Obare, na mimi nilipoolewa niliolewa ng'ambo tu ya mto Kuja, mahali ambapo nikiita anaitika. Tumeosha dhahabu pamoja tangu tukiwa na meno yote.

Naandika kwa sababu huko Homa Bay wako watu wanaosimulia habari ya bangili yake kama muujiza. Ati mzimu, ati mkono wa mfu. Hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na Benta. Yeye amelala sasa, na yule mwingine, Marcella, amelala pia, na bangili iko kwa Sheila, binti ya Benta, ambaye atafanya nayo apendavyo. Hakuna wa kuumizwa na ukweli. Na kama yuko, aumie.

Bangili ile ilitengenezwa wakati wa wazungu, mgodi wa Macalder ukiwa bado unanguruma. Obare alikuwa mtu wa shimoni, mmoja wa wale waliotoka jioni wakiwa rangi moja na mawe. Benta aliletwa kwetu akiwa msichana mwembamba, mrefu, mwenye kiburi cha kutembea. Mvua ikinyesha, maji yalibomoa kingo za vijito vilivyo chini ya mgodi, na sisi wanawake tulishuka na vibuyu na makarai kuosha mchanga. Tuliosha kama wezi. Sheria ya siku zile ilikuwa Mwafrika asipatikane na dhahabu, hata chembe ya kuingia jichoni. Ukishikwa, ni jela, na mumeo kazi imeisha.

Kwa hiyo Benta alificha. Alichukua unyoya mkubwa wa jogoo, ule wenye tundu ndani, akatia chembe zake humo, akaziba kwa nta, akauchomeka kwenye nyasi za paa pamoja na manyoya mengine ya bure. Ukijaa, anaanza mwingine. Mwanamke wa leo hawezi subira ile. Watoto wawili walizaliwa na mmoja akazikwa, na yeye bado anajaza manyoya.

Obare naye alileta mawe. Yalikuwa mawe ya kijani, yale yanayotoka pamoja na shaba, yenye mistari kama maji yaliyotikiswa. Askari wa getini walipekua mifuko, wakapekua nywele, wakapekua hata mikunjo ya kaptula, lakini hawakumwambia mtu afungue mdomo. Obare aliyatoa matatu, kila moja kwa siku yake, likiwa shavuni kama tonge la ugali. La tatu lilikuwa na mshipa mweusi katikati, mwembamba kama unywele. Akayapeleka, pamoja na manyoya ya Benta, kwa sonara, Mhindi aliyeuza nguo mbele ya duka na kuyeyusha dhahabu nyuma. Yule Mhindi hakuuliza kitu. Alipiga bangili nene, nzito, akayapanga yale mawe matatu juu yake.

Sasa utaivaaje mbele ya mzungu? Benta aliizungushia kitambaa kichafu, akafunga na uzi wa katani, akawaambia watu mkono umeteguka. Mkono huo uliteguka miaka mingi. Mke wa mzungu mmoja wa mgodini alimhurumia mpaka akampa chupa ya dawa ya kuchua, na Benta akapokea kwa mikono miwili, akasema asante memsahibu, akaitumia kwa mbuzi. Bendera ya Uhuru ilipopanda, alisimama katikati ya soko la Macalder, akafungua kile kitambaa taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, na wanawake wakapiga vigelegele. Tangu siku ile hakuna mtu wa upande wetu asiyeijua bangili ya Benta. Yeye mwenyewe aliiita "mkono wangu".

Obare alikufa mwaka wa sabini na nne. Kifua, kama wanaume wengi wa shimoni.

Kwetu mume akifa, mjane anavua kila kinachong'aa. Anavaa koti la marehemu, anakaa chini, na hagusi pambo lolote mpaka matanga yaishe na wazee wamfungulie njia. Wakati huo mali yake anaishika mtu anayemwamini. Benta alimwamini Marcella.

Huyu Marcella alikuwa mke wa mdogo wetu, yule anayemfuata Obare. Kwetu wake za ndugu wanaitana nyieka, yaani mke mwenzangu, ingawa kila mmoja ana mume wake. Alitoka Rusinga, binti wa wavuvi, mzuri wa sura, mwepesi wa maneno, laini kama kambare. Siku ya mazishi alikaa bega kwa bega na Benta, akilia kumshinda mjane. Nilikuwa nimekaribia na sufuria ya uji nikasikia Benta akisema, "Nyieka, nishikie mkono wangu." Nikamwona Marcella akifunga fundo kwenye pembe ya leso. Fundo nililiona. Kilichokuwa ndani ya fundo sikukiona, na hilo lilitugharimu.

Matanga yalipokwisha, Benta akaenda kwake.

"Nyieka, nipe mkono wangu."

"Mkono gani?"

"Marcella. Usicheze."

"Nani anacheza? Wewe una mikono miwili, naiona hiyo hapo."

Jambo likafika kwa wazee. Marcella alipiga magoti mbele yao, akajifuta macho, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kutema mate. "Baba zangu, huyu dada alikuwa amechanganyikiwa na uchungu. Pale kaburini alivua bangili akaitupa ndani, mfuate mumewe. Mimi niliona kwa macho yangu haya. Nilinyamaza kwa heshima."

Umeona akili ya mtu yule? Aliiweka bangili mahali ambapo hakuna mkono wa kuifuata. Nani atafukua kaburi la mtu kutafuta pambo la mkewe? Nikasema niliona fundo. Wakaniuliza, ndani ya fundo kulikuwa na nini? Nikasema sikuona. Mzee mmoja hata akamsifu Benta, akasema sasa tumejua alivyompenda Obare. Benta alimwangalia yule mzee kama mtu anayeangalia kinyesi cha kuku kwenye kizingiti.

Baada ya hapo Marcella na mumewe wakahamia Homa Bay, wakafungua duka la nyavu na mafuta ya taa. Benta akabaki. Alilea Sheila peke yake, aliosha mchanga, akabatizwa Msabato mtoni mle mle alimooshea dhahabu. Wasabato wa kwetu hawavai pambo. Hata pete ya ndoa ni neno. Watu wakasema, afadhali, sasa amesahau.

Mwaka wa tisini na moja nilikwenda Homa Bay kununua omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa jumla. Nikamkuta Marcella amesimama mlangoni mwa duka lake, amenenepa, anamgombeza mchukuzi. Akainua mkono kuonyesha njia. Nikaiona. Nyama ya mkono ilikuwa imeizunguka kama mti unavyomeza waya. Mawe matatu ya kijani, la tatu na unywele wake mweusi.

Nikamwuliza, "Wifi, hiyo umetoa wapi?"

Hakushtuka hata kidogo. "Hii? Ya marehemu mama yangu. Mama yangu aliosha dhahabu."

"Mama yako wa Rusinga? Aliosha wapi, tumboni mwa samaki mbuta?"

Wateja wakacheka. Yeye naye akacheka, ndivyo alivyokuwa. "Wewe wifi, una wivu mpaka wa vitu vya wafu. Karibu ndani unywe soda."

Sikunywa soda yake. Nilirudi na omena zangu, na kabla sijatua gunia nikamwambia Benta. Alikuwa anachambua mtama. Hakuinua kichwa.

"La tatu lina unywele?"

"Lina."

Akaendelea kuchambua. Nikamwambia, "Mama Sheila, iache. Hata ukipewa leo, kanisa lako litakuruhusu kuivaa?"

"Sitaki kuivaa," akasema. "Nataka yeye asiivae."

Ukitaka kumjua Benta Nyarangi, ni hapo. Wengine watakueleza juu ya sadaka zake na yatima aliowalisha, na ni kweli yote, lakini mimi namjua kwa maneno yale. Aliyaweka moyoni kama alivyoweka chembe kwenye unyoya wa jogoo, na hakuwa na haraka.

Nieleze kidogo kazi yetu, usije ukapotea. Siku hizo za miaka ya tisini tulikuwa tunasaga mawe ya mashimo ya zamani, tunaosha unga wake kwenye karai mpaka unabaki mchanga mweusi na dhahabu ndogo ndogo isiyoshikika kwa vidole. Hapo unatia zebaki. Zebaki ni ile dawa nzito kama risasi, inayokimbia kama maji, nyeupe kama kioo. Unaisugua na mchanga kwa viganja, nayo inakusanya dhahabu yote, inaimeza, inakuwa donge moja jeupe. Donge unalikamua kwa kitambaa, unaliweka juu ya makaa, zebaki inakimbia kwa moshi, dhahabu inabaki na umanjano wake. Wakati huo hakuna aliyetuambia moshi ule ni sumu. Lakini jambo moja tulilijua sote. Zebaki haichagui dhahabu. Ukiingia karai na pete mkononi, itaimeza pete vile vile, na pete itatoka nyeupe. Kwa hiyo mtoni kulikuwa na sheria isiyoandikwa. Ukimwona mwenzako anainama na kitu kinachong'aa, hata awe adui yako, unamwambia, "Vua." Neno moja tu. Hakuna aliyewahi kulinyima.

Basi mwaka wa tisini na nne kukaja watu wa shirika moja, wakataka kusaidia akina mama waosha dhahabu kwa pampu na mashine ya kusaga. Walitaka kikundi, na kikundi kilitaka mwenyekiti. Marcella alisikia habari huko huko Homa Bay kabla sisi wa mtoni hatujasikia. Akawaendea, akawaambia yeye ni binti wa waosha dhahabu, mama yake alikuwa wa kwanza mtoni, na ushahidi huu hapa. Akawaonyesha mkono. Wakaamini. Tukaletewa mwenyekiti kama gunia lililoshushwa kutoka kwa lori.

Siku walipotangaza kwamba atakuja na wageni kuona kazi, Benta alikwenda Migori mjini kwa Abdurahman, Msomali aliyenunua dhahabu yetu. Nilifuatana naye. Akaomba chupa nzima ya zebaki.

Abdurahman akashangaa. "Mama Sheila, hii ni ya mwezi. Umepata mlima?"

"Nimepata mgeni," Benta akasema.

Wageni walikuja asubuhi, wanaume wawili wenye kofia na mama mmoja mwenye kamera. Siku hiyo tulizungumza Kiswahili kwa ajili yao, na kwa ajili ya Nchagwa, mwenzetu Mkuria kutoka upande wa Isebania, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe. Marcella alishuka ukingoni amevaa gauni la zambarau na viatu vya kisigino. Alipomwona Benta alisita, kidogo tu, kisha akafungua mikono.

"Nyieka! Siku nyingi! Umezeeka."

"Tumezeeka," Benta akajibu. "Karibu mwenyekiti."

Marcella akawahutubia wageni. Alisema dhahabu imo damuni mwake. Alisema alilala mgongoni mwa mama yake kando ya mto huu huu, akisikia mchanga ukiimba kwenye karai. Mama wa kamera alikuwa karibu kulia. Sisi tulikuwa tumejipanga na makarai yetu, miguu ndani ya maji, tunasikiliza mtu akituibia hata utoto wetu.

Alipomaliza, Benta akasogeza karai lake mbele. Mchanga mweusi ulikuwa tayari ndani, na chini ya mchanga chupa nzima ya Abdurahman.

"Basi, mwenyekiti, waonyeshe wageni. Sisi wengine ni wa kila siku tu."

"Mimi? Na nguo hizi?"

"Kama umesahau, sema. Hakuna ubaya mtu kusahau."

Marcella akaangalia kamera. "Nisahau nini? Mtoto wa bata husahau maji?" Akaanza kukunja mikono ya gauni. Bangili ikatokea yote, inang'aa juani, mawe matatu ya kijani kana kwamba yametoka shavuni mwa Obare asubuhi ile.

Wanawake wote wakamwangalia Benta. Walikuwa wakingoja neno. Neno lilikuwa lake, maana karai lilikuwa lake. Benta alikuwa akitazama mto.

Nchagwa hakuweza kuvumilia, tabia haina dawa. "Lakini mama, kwanza vu—"

Benta akamkanyaga mguu ndani ya maji.

"—vua viatu," Nchagwa akamalizia.

"Ahsante, dada," Marcella akasema, akavua viatu.

Mmoja wa wageni, mtu mwenye adabu, akauliza, "Mama, hiyo bangili haitaharibika na matope?"

Nikadhani Mungu amemtuma yule mtu.

"Baba, hii haijatoka mkononi mwangu tangu mama yangu anipe," Marcella akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Dhahabu haiogopi matope." Akainama, akatumbukiza mikono yote miwili.

Na mimi sikusema vua. Kama angekuwa mwanamke mwingine yeyote ningesema. Kwake sikusema, na leo ningenyamaza tena.

"Sugua mpaka chini, mwenyekiti," Benta akamwambia kwa upole. "Zungusha na kifundo cha mkono. Hivyo. Kama unakanda chapati. Mama yako alikuwa anazungusha hivyo?"

"Hivyo hivyo," Marcella akasema, huku akihema.

"Endelea basi."

Akasugua. Mama wa kamera akapiga picha. Kisha Marcella akainua mikono kuwaonyesha wageni mchanga, na maji yakatiririka, na sote tukaona. Umanjano haukuwepo. Bangili ilikuwa nyeupe. Si nyeupe ya fedha, hapana, nyeupe ya kitu kilichokaa muda mrefu bila jua.

Marcella aliangalia mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Akaipangusa kwa gauni. Ukiipangusa zebaki unaipeleka mahali ambapo haikuwa imefika, na mahali padogo palipokuwa pamebaki na umanjano napo pakawa peupe. Akapangusa tena, kwa nguvu.

"Ni nini hii? Ni nini hii? Yaye, ni nini?"

Ndipo Benta akamkaribia, akainama, akaitazama ile bangili kama mtu anayetafuta ukoo kwenye uso wa mtoto.

"Marcella," akasema, "wewe ndiye uliyewaambia wazee kwamba hii iko kaburini na Obare. Uliona kwa macho yako. Basi imechukua rangi ya huko."

Sijawahi kusikia mtu akitoa sauti aliyoitoa Marcella. Alianza kuivuta. Haikutoka, maana mkono ulikuwa umenenepa juu yake. Akavuta mpaka ngozi ikachubuka. Akaingia majini na gauni lake la zambarau, akajipaka matope kama sabuni, akavuta huku akimwita kaka yangu kwa jina lake la sifa, mwana wa Macalder, "Wuod Macalder, niache! Obare, niache!" Ilipochomoka akaitupa mchangani mbele ya Benta.

"Chukua! Chukua kitu chako!"

"Sema tena," Benta akasema. "Wageni hawakusikia."

"Ni chako! Ulinipa nikushikie! Chukua!"

Yule mgeni mwenye adabu akafungua mdomo. "Lakini akina mama, hii si ni zeba—"

Nchagwa alikuwa ameshamfikia na kibuyu. "Mzee, hapa mtoni mgeni hanywi jua, anywa uji. Kunywa. Kunywa yote." Akamshikia kibuyu mdomoni mpaka macho yakamtoka.

Marcella alipanda ukingo bila viatu. Gari la shirika likamrudisha Homa Bay. Viatu vile Nchagwa alivivaa sokoni Isebania mpaka visigino vikaisha.

Benta aliokota bangili kwa pembe ya leso. Akaifunga fundo. Wanawake wakaanza kucheka, kicheko cha kulala chini, cha kushikana mabega, kila mmoja akiigiza kukanda chapati. Mtu akawasha makaa. "Lete, Mama Sheila, tuichome irudi. Dakika tu."

"Hapana," Benta akasema.

Tukadhani ni kwa sababu ya mawe. Abdurahman alipoiona naye alisema hivyo. "Mawe haya hayapendi moto, yatakuwa meusi. Niachie niyang'oe kwanza, nichome, niyarudishe. Utaipata kabla chai haijapoa." Benta akasema tena hapana, akaitia kwenye mkebe wa majani ya chai, akauweka juu ya kabati.

Sheila hakufurahi. Alikuwa ameolewa na Mkatoliki huko Rongo, kanisa lisilogombana na bangili, na tangu utotoni hakuwa ameuona tena ule mkono wa mama yake. Alikuja nyumbani akaifungua ile bangili mezani.

"Mama, unangoja nini? Ni moto tu. Choma, unipe."

"Ikirudi manjano, habari itafika Homa Bay kabla ya jioni."

"Na ifike! Umeshinda. Ameshasema mbele ya watu."

"Amesema kwa sababu ya hofu," Benta akajibu. "Hofu ikiisha atasema tulimroga, tukamnyang'anya. Namjua. Acha iwe nyeupe."

"Yaani utaacha kitu chako kiwe kibaya ili yeye asilale?"

"Nimelala vibaya tangu sabini na nne. Na yeye ajaribu."

Sheila akaniangalia mimi, shangazi yake, nimsaidie. Nikamwambia mama yako amekomaa, mwache. Ukweli ni kwamba nilipenda jibu lile.

Na kweli, Marcella hakulala. Tulikuwa tunasikia. Aliuza sehemu ya duka akawaita watu wa maombi. Akaacha kula mbuta, akaacha kupita karibu na makaburi. Mkono ule wa bangili aliufunga kitambaa, wala haukuwa na kidonda. Kila mtu aliyetoka Homa Bay alileta kipande cha habari, na Benta alipokea kila kipande kimya kimya, kama mtu anayepokewa mzigo kichwani.

Mwaka wa tisini na sita Marcella akaja mwenyewe. Alikuja na kondoo, kama mila yetu inavyomtaka mkosaji anayeomba suluhu, akasimama nje ya boma mpaka akaambiwa ingia. Alikuwa amekonda. Nilikuwa pale nyumbani kwa Benta, nimekaa na jiko, napika chai.

Hakusalimu sana. "Nyieka, imerudi?"

Benta akashusha mkebe, akafungua, akaiweka bangili mezani. Nyeupe. Marcella akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Anataka nini?" akanong'ona. "Niambie Obare anataka nini, nimpe."

Benta akafikiri. Nilimwona akifikiri, na uso wake ulikuwa mtulivu kama siku za Sabato.

"Watu wa Homa Bay wanajua ni ya mama yako," akasema. "Wajue ni ya nani."

Marcella akaenda. Sikuamini kwamba angefanya, lakini alifanya. Jumapili moja baada ya misa alisimama mbele ya akina mama wa parokia yake, wale aliowaringia miaka yote, akasema mama yake hakuwahi kugusa karai. Akasema aliiba kwa mjane siku ya mazishi. Akasema aliwadanganya wazee kwa jina la marehemu. Aliyenisimulia alikuwepo, na alisema kuna wanawake waliinuka wakaondoka kabla hajamaliza, na wengine walibaki ili wasikose neno. Tangu siku ile hawakumwita tena kwenye harambee wala kwenye harusi.

Akarudi kwetu. Mara hii hakuwa na kondoo. Hakuwa na kitu, alikuwa na leso moja tu begani na vumbi la njia miguuni. Mimi nilikuwa pale pale na jiko langu, makaa yakiwa mekundu, chai inachemka. Benta alikuwa ameiweka bangili mezani hata kabla mwenzake hajafika mlangoni. Kati ya bangili na makaa hakukuwa na hatua moja. Ungenyoosha mkono tu.

"Nimesema," Marcella akamwambia. "Yote. Hata la wazee. Uliza mtu yeyote."

"Nimesikia. Ulisema vizuri."

"Imerudi?"

Hakuwa na nguvu ya kuangalia mwenyewe. Alikuwa anaangalia midomo ya Benta. Nikasema moyoni, sasa atanyoosha mkono, sasa ataiweka motoni, amwonyeshe, waishe. Benta aliinama juu ya meza, akaichunguza bangili kwa makini, akaigeuza upande huu na upande huu.

"Bado," akasema.

Kisha akachukua kikombe, akamimina chai, akatia maziwa mengi kama mgeni anavyostahili, akampa.